Programu ya ubingwa bobezi hupataje ithibati?

Swali: Shikamoo Profesa. Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani niliyebobea kwenye figo. Kwa miaka sita idara yetu imekuwa ikiwafundisha madaktari bingwa wanaotaka kubobea kwenye figo. Wagonjwa tunao wengi, mashine za kusafisha damu zinatosha, na walimu tuko wanne. Sasa uongozi umenikabidhi kazi ya kutafuta ithibati, na kila ninayemuuliza ananijibu lake. Mmoja anasema ni barua ya wizara, mwingine anasema ni mtihani, wa tatu anasema hospitali ikishapata ithibati imetosha. Hasa ithibati ya programu hupatikanaje? Na vijana wetu wawili walio katikati ya masomo, muda wao utahesabiwa?

Jibu: Marahaba, daktari. Waliokujibu hawakukudanganya. Kila mmoja alikutajia kitu ambacho kipo kweli, ila hakuna aliyekutajia hicho unachokitafuta. Tuvitenganishe kwanza, maana nimeshuhudia idara zikipoteza miaka kwa kufukuzia karatasi isiyo yao.

Leseni ni ya mtu. Inamruhusu daktari kutibu. Cheti cha ubingwa bobezi nacho ni cha mtu. Kinasema fulani amefunzwa, amepimwa na amefaulu. Ithibati ya hospitali ni ya huduma: usalama wa dawa, usafi wa vyumba vya upasuaji, utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa. Ithibati ya programu ni jambo la nne, na linajibu swali lake peke yake: daktari bingwa akiingia katika idara hii na kukaa muda uliopangwa, je, kuna sababu ya kuamini kwamba atatoka bingwa bobezi, na kwamba wagonjwa aliowahudumia alipokuwa akijifunza walikuwa salama? Barua ya wizara hailijibu swali hilo. Wingi wa mashine haulijibu. Sifa ya hospitali, hata iwe imevuma vipi, hailijibu.

Watu huvichanganya kwa sababu vimefungamana. Chukua Marekani, ambako mgawanyo wa kazi uko wazi zaidi. Mitihani ya ubingwa na ubingwa bobezi hutolewa na bodi za kitaaluma, ambazo leo ni 24 chini ya mwavuli wa ABMS ulioanzishwa 1933. Programu zenyewe hupewa ithibati na chombo kingine, ACGME, kilichoundwa 1981 kuchukua nafasi ya kamati iliyokuwapo tangu 1972. Mmoja humpima mwanafunzi, mwingine huipima idara. Lakini kwa kawaida bodi haimruhusu daktari kufanya mtihani kama hakufunzwa kwenye programu yenye ithibati, kwa hiyo idara ikikosa ithibati, anayeumia ni mwanafunzi.

Kwingine mambo yamepangwa tofauti. Kanada, Royal College of Physicians and Surgeons of Canada iliyoanzishwa 1929 hutunga mitihani na pia hukagua programu. Uingereza, mitaala na programu huidhinishwa na Baraza Kuu la Madaktari, GMC, ambalo tangu 2010 linasimamia hatua zote za elimu ya udaktari. Australia, baraza la taifa hukagua vyuo vya kitaaluma vya mabingwa, na vyuo hivyo ndivyo hukagua hospitali. Kwa upasuaji, nchi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini zina COSECSA, chuo kilichoundwa 1999 ambacho hakina majengo ya kufundishia: hospitali hukaguliwa na kukubaliwa, mwanafunzi hufunzwa humohumo anamofanya kazi, kisha wote hufanya mtihani mmoja. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujua ni nani mwenye mamlaka hayo kwa fani yako mahali ulipo, na kupata viwango vyake kwa maandishi. Usianze kuandika mtaala kabla ya kuvisoma mstari kwa mstari. Pale ambapo viwango vya ndani bado ni vichanga, wengi hutazama vile vya Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari, WFME, lililochapisha viwango vya mafunzo ya baada ya shahada mwaka 2003 na kuvipitia upya baadaye. Vinafaa kama kiunzi, ila WFME haitawapa ithibati ninyi.

Kuna swali lililo nyuma ya hilo, na wengi huliruka: je, ubobezi wenyewe unatambuliwa? Programu haiwezi kupewa ithibati katika fani ambayo haimo kwenye orodha. Tiba shufaa, yaani ile ya kupunguza maumivu na mateso ya wenye magonjwa mazito, ni mfano mzuri. Uingereza iliitambua kama fani ya ubingwa mwaka 1987. Marekani ilichukua hadi 2006 ABMS kuikubali kama ubobezi, ikidhaminiwa na bodi 10 kwa pamoja, na mtihani wa kwanza chini ya mpango huo ulifanyika 2008. Walioitumikia fani hiyo miaka mingi walifunguliwa mlango wa kufanya mtihani kwa uzoefu wao, mlango uliofungwa baada ya mtihani wa 2012. Kuanzia hapo njia ikabaki moja, kupitia programu yenye ithibati. Informatiki ya tiba, yaani matumizi ya kompyuta na taarifa katika tiba, nayo ilikubaliwa 2011, mtihani ukaanza 2013, programu za kwanza zikapata ithibati 2014, na mlango wa uzoefu ukalazimika kuongezwa muda kwa sababu programu zilikuwa chache mno kuzalisha wataalamu wanaohitajika. Wataalamu wa mishipa ya fahamu wa nchi hiyohiyo walipoona baadhi ya matawi yao hayana nafasi katika mfumo mkuu, waliunda chombo chao, UCNS, mwaka 2003, kinachotoa ithibati kwa programu na vyeti kwa madaktari. Nakueleza haya ili ujue kwamba utambuzi hutangulia, viwango hufuata, kisha programu. Ninyi wa figo mna bahati, fani yenu ni kongwe. Hata hivyo thibitisha kwa maandishi; usitegemee kumbukumbu ya mtu.

Tuje sasa kwenye ngazi zenyewe. Programu ya ubobezi haisimami peke yake. Chini yake kuna taasisi mdhamini, yaani hospitali au chuo kikuu kinachobeba dhamana ya mafunzo yote, na juu ya taasisi hiyo kuna programu mama, kwenu ninyi ile ya magonjwa ya ndani. ACGME huikagua taasisi kwanza. Inataka kuwe na afisa mmoja anayewajibika kwa mafunzo yote, na kamati ya mafunzo ambayo wanafunzi wenyewe wana wajumbe ndani yake, na ombi la programu mpya halipokelewi bila afisa huyo kuliidhinisha. Mtu anaweza kuona huu ni urasimu. Mimi siuoni hivyo. Idara ya madaktari wanne haina ubavu wa kupambana na uongozi kuhusu mishahara ya wanafunzi, likizo ya uzazi, au malalamiko ya kijana aliyenyanyaswa na mwalimu wake. Taasisi ndiyo yenye ubavu huo, na ithibati huilazimisha iutumie.

Programu mama nayo ni ya lazima. Bobezi nyingi zimefungwa kwake kiasi kwamba mama akipoteza ithibati, mtoto naye anaipoteza. Kwa hiyo kabla hujagusa kalamu, muulize mkuu wa mafunzo ya magonjwa ya ndani: ithibati yenu iko katika hali gani, na ina onyo lolote? Kama kuna onyo, msaidieni kwanza kulitatua. Kuna jambo jingine ambalo wakaguzi hulichungulia kwa makini: je, wanafunzi wenu wa ubobezi watawapora kazi wale wa ubingwa? Kama katheta zote za shingoni, ile mirija ya kusafishia damu, zinawekwa na wenu, wale wa magonjwa ya ndani wanajifunzia wapi? Lazima muwe na jibu lenye takwimu.

Moyo wa ombi ni mkurugenzi wa programu. Mara nyingi idara humteua daktari mwenye jina kubwa kuliko wote, ambaye pia ndiye mwenye kliniki kubwa kuliko zote, na anabaki na saa mbili za programu kila Ijumaa jioni kama hakuitwa kwenye dharura. Hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko jingine lolote. Viwango hutaka muda wake uwe umelindwa, maana yake umeandikwa, umelipiwa, na haugusiki kwa kliniki. Uongozi ukikuambia utakupa kazi ya ithibati kama jukumu la ziada juu ya kazi zako zilizopo, ukatae kwa adabu na uwaoneshe kifungu. Nasema hili kwa uzito wote, kwa sababu programu zilizoanguka ninazozifahamu hazikuanguka kwa kukosa mashine. Ziliangushwa na mkurugenzi aliyechoka.

Baada yake wanafuata walimu. Wanne wanaweza kutosha kwa wanafunzi wachache, mradi wawe wamebobea kweli na kuthibitishwa katika fani, na wawe wanafundisha, si kufanya kazi tu huku mwanafunzi akiwatazama. Idadi ya wanafunzi mtakaoruhusiwa itapimwa kwa walimu na kwa wagonjwa, na ikishaidhinishwa hamtaruhusiwa kuizidisha bila kuomba tena.

Kuhusu wagonjwa, umeniambia ni wengi, nami naamini. Lakini wingi na aina ni mambo mawili. Kama wagonjwa wenu tisa kati ya kumi ni wa kusafishwa damu kwa mashine mara kwa mara, mwanafunzi wenu atakuwa fundi hodari wa kusafisha damu asiyejua mengine. Je, ataona magonjwa ya chujio za figo tangu mwanzo hadi majibu ya biopsi, yaani kipimo cha kipande kidogo cha figo? Atakutana na mgonjwa wa chumba cha mahututi ambaye figo zimegoma ghafla? Atamfuatilia aliyepandikizwa figo kwa miezi, na si kumwona siku ya upasuaji tu? Atajifunza kusafisha damu kwa njia ya tumbo? Atashughulika na chumvichumvi za damu zilizovurugika, shinikizo la damu lisilosikia dawa, mjamzito mwenye ugonjwa wa figo? Na mtaalamu wa patholojia anayeweza kusoma biopsi ya figo yuko wapi, yuko nani wa radiolojia, yuko nani wa upasuaji wa mishipa? Fungueni rejista za miaka miwili mhesabu. Mkikuta pengo, mfano upandikizaji, haina maana mmeshindwa. Mnaweza kumpeleka mwanafunzi hospitali nyingine kwa miezi kadhaa, ila lazima kuwe na makubaliano ya maandishi yanayosema nani atamsimamia kule, atajifunza nini, kwa muda gani, na nani atamtathmini. ACGME hutaka makubaliano hayo yahuishwe angalau kila baada ya miaka 10. Urafiki wa wakuu wa idara haukubaliki kama makubaliano.

Mtaala wenyewe usiwe orodha ya mada zilizonakiliwa kitabuni. Mkaguzi anataka kuona mwanafunzi anavyopanda ngazi: mwezi wa tatu anafanya nini mwalimu akiwa pembeni yake, mwezi wa kumi na mbili anafanya nini mwalimu akiwa jengoni, mwaka wa mwisho anaamua nini mwenyewe huku mwalimu akipatikana kwa simu. Nani anatia saini kwamba amevuka ngazi? Kwa ushahidi gani? Hapa ndipo mahali pa kamati ya umahiri, walimu wanaokaa angalau mara mbili kwa mwaka, wakaweka mezani tathmini zote za kila mwanafunzi na kuandika uamuzi wao. Marekani tangu 1999 hutumia nyanja sita za umahiri, zikiwemo mawasiliano na maadili ya kazi, pamoja na maarifa ya tiba na huduma kwa mgonjwa. Kanada ina mfumo wake wa CanMEDS wa 1996. Msinakili mfumo wa mtu. Tumieni unaotakiwa na chombo chenu. Lakini msije na tathmini ambazo kila mwanafunzi amepata “vizuri sana” kila mwezi kwa miaka miwili. Karatasi za namna hiyo humwambia mkaguzi kwamba hakuna aliyetazama.

Ombi likishakamilika, hupelekwa kwa kamati ya mapitio ya fani hiyo, yaani madaktari wenzenu kutoka taasisi nyingine. Wenye mgongano wa maslahi hujitoa. Katika mfumo wa ACGME, programu mpya ya ubobezi inayotegemea programu mama iliyo imara yaweza kupewa ithibati ya mwanzo kwa maandishi pekee, kisha wakaguzi wakaja ndani ya takribani miaka miwili kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachofanyika. Vyombo vingine huja kwanza, ndipo huamua. Vyovyote iwavyo, siku ya ukaguzi ina sehemu moja isiyoweza kuandaliwa, nayo ni pale wakaguzi wanapokaa na wanafunzi peke yao, mlango umefungwa.

Niliwahi kuwa katika timu ya ukaguzi iliyopokea makabrasha mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, yenye vielelezo vya rangi na ratiba ya kila saa. Kwenye mazungumzo tulimuuliza mwanafunzi wa mwaka wa pili ni mwalimu gani alikuwa chumbani alipofanya biopsi yake ya mwisho. Akanyamaza. Kisha akasema hajawahi kuwa na mwalimu chumbani, tangu ya kwanza. Hakuna kabrasha linaloweza kufuta jibu hilo. Tuliandika onyo, na nakumbuka nikiwafikiria wale wagonjwa wa mwanzo mwanzo zaidi ya nilivyoifikiria idara.

Uamuzi unaweza kuwa ithibati ya mwanzo, kukataliwa, au baadaye ithibati endelevu, ithibati yenye onyo, kipindi cha majaribio, na hatimaye kufutiwa. Kila kasoro huandikwa na kifungu chake, mnapewa nafasi ya kujibu, na panapotolewa uamuzi mbaya kuna njia ya rufaa. Mkipata kasoro mbili tatu kwenye ithibati ya mwanzo, msivunjike moyo, ni jambo la kawaida. Mkizipata zilezile tena baada ya miaka miwili, hapo ndipo pa kuogopa.

Na kazi haiishii hapo. Zamani ukaguzi ulikuwa tukio: idara husafishwa, wageni huja, huondoka, watu hupumua kwa miaka kadhaa. Kuanzia 2013 ACGME ilihamia mfumo wa kufuatilia takwimu kila mwaka: ufaulu wa mtihani wa bodi, mabadiliko ya walimu, idadi ya kazi alizofanya kila mwanafunzi, na dodoso la siri kwa wanafunzi na walimu. Kuhusu ufaulu, programu ambayo angalau asilimia 80 ya wahitimu wake hufaulu mtihani kwa mara ya kwanza huhesabiwa imetimiza kiwango, hata kama nyingine ziko juu zaidi. Kanada ina mzunguko wa miaka 8 wenye ufuatiliaji katikati. Programu za ubobezi zina ugumu wao katika dodoso, kwa sababu mkiwa na wanafunzi wawili siri inakuwa ngumu kulindwa. Ndiyo maana majibu ya programu ndogo hujumlishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kuoneshwa. Ninyi pia tafuteni njia ya wanafunzi kusema bila kuogopa, pengine kupitia mtu wa taasisi aliye nje ya idara.

Saa za kazi zinastahili neno lake. Tangu 2003 Marekani iliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa wastani wa wiki nne, na siku moja ya mapumziko kati ya saba. Chombo chenu kinaweza kuwa na kikomo kingine. Linganisheni na ratiba ya zamu halisi, ile iliyobandikwa ukutani. Jiulizeni pia swali hili: mwanafunzi akiondolewa leo, je, huduma ya usiku inakwama? Kama jibu ni ndiyo, basi hamna mwanafunzi, mna mfanyakazi mliyemwita mwanafunzi, na wakaguzi watayaona hayo kabla ya chai ya saa nne. Ajirini kwanza, ndipo muombe.

Kwa uzoefu wangu, idara iliyoanza kama yenu huhitaji mwaka mmoja hadi mmoja na nusu tangu kukata shauri hadi kupeleka ombi linaloeleweka. Miezi ya mwanzo itumieni kuhesabu wagonjwa na kuanza kuweka kumbukumbu, hata kabla ya fomu yoyote. Kila mwanafunzi awe na daftari la kazi zake tangu kesho: tarehe, alichofanya, aliyemsimamia, saini. Kumbukumbu za miaka sita iliyopita mkizitunga sasa mtagundulika, na mtastahili.

Sasa vijana wenu wawili. Nimewaacha mwisho kwa sababu jibu lao si la kupendeza. Kwa kawaida ithibati huanza tarehe iliyotajwa kwenye uamuzi na hairudi nyuma kufunika miaka iliyopita, na bodi nyingi za mitihani hazihesabu muda uliotumika kabla ya tarehe hiyo. Wakati mwingine bodi huweka kipindi cha mpito au njia ya uzoefu, hasa fani inapokuwa mpya, lakini hilo ni hiari yake, si haki ya mwanafunzi. Msiwaahidi. Kaeni nao wiki hii, wewe na mkuu wa idara, muwaambie hali ilivyo. Kisha andikeni kwa chombo kinachotoa mtihani, mkitaja tarehe walizoanza na kazi walizofanya hadi sasa, muulize kwa maandishi ni sehemu gani itahesabiwa. Wakati mkisubiri jibu, tafuteni programu yenye ithibati inayoweza kumpokea mmoja au wote kumalizia, na taasisi yenu ibebe gharama ya kuhama kwao. Na nafasi ya mwaka ujao msiitangaze hadi tarehe ya ithibati iwe mkononi.